Saa ya Bibi Zuwena

Al Khoudh, Maskati

Mama mpenzi,

Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha Baba, kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, ila kichwa kinazunguka. Ukiona nimerukaruka mambo, ujue naandika mchana, na mchana kwangu ndio usiku.

Kwenye simu nilishindwa kukueleza. Unakumbuka juma lililopita uliponifokea kwamba nakupigia wakati taarifa ya habari ya saa tatu imeshakwisha, na wewe umeshavua miwani? Kwa hesabu yangu ilikuwa haijaanza, nikadhani unazeeka. Kumbe aliyepotea ni mimi.

Nilikwambia kwamba namuuguza usiku Bibi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, mwenye maradhi ya kutetemeka. Dawa yake ni kila baada ya saa sita. Mchana anampa nesi mwenzangu. Saa nne usiku na saa kumi alfajiri nampa mimi. Chumbani kwake kuna saa ya ukutani. Kila jioni, adhana ya magharibi ikisikika tu, Bibi huomba ashushiwe, akairudisha mishale kwenye kumi na mbili kwa mkono wake. Ndivyo alivyofanya babake. Nilipofika mwezi wa tatu niliipenda sana saa hiyo. Sisi tangu utotoni tunatazama nne tukisema saa kumi. Hii ikionyesha nne, ni saa nne kweli! Ilipishana na saa za watu kwa dakika kumi hivi, si neno. Saa yangu ya kubandika kifuani ilipoisha betri sikuhangaika nayo. Simu nimeiacha kwa saa za Kenya, na usiku hukaa jikoni.

Lakini Mama, jua la huku si kama la kwetu. Tangu mwezi wa tatu limekuwa likichelewa kutua, dakika leo, dakika keshokutwa, na saa ya Bibi inalifuata. Nami nikaifuata saa ya Bibi. Sasa saa nne yake ni karibu saa tano ya watu wengine wote.

Ndiyo maana mikono yake ilikuwa ikicheza kabla ya dawa, maji yanamwagika kifuani. Nami kila usiku naandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri kabisa: saa nne, ametetemeka sana. Bintiye, Bi Rahma, akasoma, akalia. Daktari akasema Jumapili ataongeza dawa. Bibi mwenyewe akaita wajukuu, akawagawia bangili zake. Mimi akanipa ile doti ya kanga niliyokusimulia.

"Mpelekee mamako," akasema. "Aniombee. Nna siku chache mie."

Baada ya wewe kunifokea nilitazama simu na saa ya Bibi, nikajumlisha saa moja tunayowatangulia huku, nikatoa, nikajumlisha tena. Siku mbili nilinyamaza, Mama, nakiri, kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Kisha nikawaza dawa inayotaka kuongezwa bure, na Jumamosi asubuhi nikawaambia wote wawili, Bibi na bintiye.

Bi Rahma alitoka. Nikamsikia barazani akigomba kwa Kiarabu kwenye simu, sijui na nani. Bibi akabaki ananitazama.

"Hebu rejea. Huku kutetemeka kote, ni kwa ajili ya saa?"

"Ndiyo, Bibi. Makosa ni yangu, si ya saa."

"Kwa hivyo sifi?"

"Kwa hili hufi, Bibi."

Mimi nangoja kufukuzwa, yeye akanyoosha mkono.

"Basi nrejeshee kanga yangu."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote. Daktari ameacha dawa ilivyokuwa. Bi Rahma ametundika saa ya pili kando ya ile ya zamani, na dawa sasa naitoa kwa kufuata hiyo mpya. Ananisalimia kama kawaida, lakini sielewi kama nimesamehewa au nahesabiwa siku. Nikimwuliza, anasema, "Nenda kale kwanza." Na Bibi bado anataka saa yake ishushwe kila magharibi, na ni mimi ninayeishusha.

Nisalimie kaka Mwakio na cherehani yake, na Shangazi mwenye ufunguo wa kanisa. Mwambie aniombee, amwombee na Bibi Zuwena pia. Alitaka kuombewa, kabla hajabadili mawazo.

Kanga usiingoje, Mama. Jana ameivaa mwenyewe, na maji alikunywa bila kuilowesha.

Ni mimi binti yako asiyejua saa,
Mghoi