Fidia ya Dada Awino

Nyakunguru, 11 Februari 2007

Mdogo wangu Odoyo,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, malaria ya mwanangu Akech imepoa, anakula ugali kama mtu mzima. Nairobi inakutendeaje?

Mgodi wamenilipa fidia ya nyumba na shamba, milioni tano na laki mbili. Tunatakiwa kuwa tumehama ifikapo mwisho wa Aprili mwakani. Nikiweka pesa hizi hapa, shemeji Opondo atasema ni mali ya marehemu kaka yake, zigawiwe ukoo mzima mpaka nibaki na nauli. Tayari amenunua viatu vya harusi, na harusi yenyewe haipo! Ndiyo maana aliyekuletea barua hii amekupa na bahasha. Wewe uko ofisi ya mambo ya pesa. Waitara ananiuzia shamba kule Kisaka kwa milioni sita. Zimepungua laki nane. Ukiweza kuzikuza, kuza. Ukishindwa, nitunzie tu.

Dada yako,
Awino


Nairobi, 4 Machi 2007

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, kazi iko. Bahasha nimepata, na haikulala kwangu hata siku moja. Nimeiweka kwenye mfuko wa hatifungani. Ni hivi: huko Amerika watu wanakopa kununua nyumba, wanalipa kila mwezi kwa miaka thelathini. Mikopo yao inakusanywa pamoja, inauzwa, na sisi tulionunua tunakula riba. Nani ataacha kulipia nyumba anayolala?

Na usidhani nanunua kama kipofu. Kwenye kompyuta kuna mstari wa bei, na kuna mstari wa wastani wa miezi kumi. Bei ikiwa juu ya wastani, unakaa. Ikishuka chini yake, unatoka siku hiyo hiyo, huulizi sababu. Ni kama nyinyi na mwamba: jiwe likionyesha dhahabu mnachimba, likinyamaza mnatoka shimoni.

Mdogo wako,
Odoyo


Nyakunguru, 22 Aprili 2007

Odoyo,

Hujambo baba? Sisi tupo, mvua inatutandika kweli kweli.

Barua yako imenichekesha. Nani amekuambia wachimbaji wanatoka jiwe likinyamaza? Kisyeri jirani yangu ana miezi saba kwenye shimo moja, kila jioni anasema kesho. Mke wake ameshauza mbuzi wote. Lakini wewe umesoma, fanya unavyojua.

Dada yako,
Awino


Nairobi, 3 Juni 2007

Shikamoo dada,

Habari za huko? Leo naandika nikicheka peke yangu. Imefika milioni tano na laki nne! Mwambie Waitara asithubutu kumuuzia mtu mwingine.

Mdogo wako,
Odoyo


Nyakunguru, 9 Septemba 2007

Mdogo wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu Julai na sijapata jibu. Labda posta wamelala.

Ile habari ya laki nne sikuweza kukaa nayo, nilimwambia Waitara, nikamwambia Mzee Simioni wa kanisani, na yeye akaitangaza siku ya Sabato. Watu wakapiga makofi. Sasa kila anayekutana nami ananiita mama Kisaka. Nimeringa, kwa nini nifiche? Niambie imefika ngapi.

Dada yako,
Awino


Nyakunguru, 14 Januari 2008

Odoyo,

Redio inasema watu wanachinjana huko kwa ajili ya uchaguzi. Silali. Hata kama pesa zimepotea, potelea mbali. Hata kama unasomewa hii kitandani, niandikie neno moja tu kwamba uko hai.

Dada yako,
Awino


Nairobi, 26 Januari 2008

Shikamoo dada,

Niko hai, sina hata mkwaruzo. Ila ofisi yetu imechomwa moto, karatasi zote zimeteketea, na zile za pesa zako zimo humo. Sijui kama tutapata kitu. Pole sana dada.

Mdogo wako,
Odoyo


Nyakunguru, 17 Februari 2008

Owadwa, ndugu yangu,

Nyasaye, Mungu wetu, asifiwe, u hai! Usiniambie pole, pole ni yako.

Nilisimama kanisani nikawaeleza yaliyokupata. Wametoa laki moja na elfu arobaini. Mzee Simioni alikuwa na debe moja la mahindi ya mbegu, akalimimina lote kwenye gunia tunalokutumia. Nikamwambia mzee, utapanda nini? Akasema kijana ale kwanza. Dereva wa basi anayeleta barua hii atakukabidhi vyote. Kula unenepe.

Dada yako,
Awino


Nairobi, 9 Machi 2008

Shikamoo dada,

Sijui nianzie wapi. Ofisi haikuungua. Hata kioo hakikuvunjika.

Mstari ulishuka chini ya wastani mwezi wa saba, tarehe kumi na tatu, Ijumaa. Niliuona kwa macho yangu. Ningetoka siku ile ungepata milioni tano na laki moja. Lakini nilikuwa nimekuambia tano na laki nne. Niliona aibu kukuandikia namba ndogo kuliko ile. Nikasema ngoja ipande kidogo, nitoke kimya kimya. Ndipo ikaja barua yako ya makofi, nikashindwa kabisa kushika kalamu. Wakati huo mfuko ulikuwa umeshafungwa tangu mwezi wa nane, hakuna kutoa. Walipofungua, zilibaki laki tisa.

Nazituma hapa, pamoja na pesa za kanisa. Mahindi nimeyala, dada. Nimekula mbegu ya mzee wa watu kwa uongo wangu. Sina uso.

Mdogo wako, ukipenda,
Odoyo


Nyakunguru, 30 Machi 2008

Odoyo,

Sisi wazima. Pesa nimepokea.

Sitakudanganya, siku mbili nilikuchukia. Shamba limechukuliwa na mtu wa Mugumu, sisi tunakwenda kupanga chumba Tarime mjini. Shemeji Opondo amecheka mpaka kakohoa. Hayo nitayabeba.

Ila pesa za kanisa siwezi kuzirudisha mimi, maana sikuwadanganya mimi. Njoo mwenyewe Sabato ya tarehe 19 Aprili, usimame useme. Nitasimama karibu yako.

Dada yako,
Awino


Nairobi, 20 Aprili 2008

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo. Nisamehe, bosi amekataa kunipa ruhusa. Wiki nzima sijatoka Nairobi. Labda mwezi wa sita.

Mdogo wako,
Odoyo


Tarime, 4 Mei 2008

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tumeshahamia. Chumba ni kidogo lakini hakivuji, na Akech amepata shule karibu.

Ijumaa ile, tarehe 18, nilikuja Sirari mpakani kukupokea. Nilijua ukiwa peke yako utaogopa. Nilikaa kwa mama chai, upande wetu. Saa tisa nikakuona unavuka mpaka, umevaa koti la kijivu, umekonda. Ulikuja mpaka kwenye magunia ya mahindi, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Ukaweka begi chini. Ukakaa kidogo, ukalichukua, ukageuka. Nilikutazama mpaka ukapanda gari la Kisii kurudi Nairobi.

Sikukuita. Ningekuita pale, ungejua nimekuona unakimbia, na sikutaka nikuongezee aibu nyingine mbele za watu. Nilimaliza chai, nikarudi. Kesho yake nilisimama kanisani peke yangu, nikawaambia umekosa ruhusa kazini.

Barua yako ilikuwa bado haijafika. Nilipoifungua nikakuta na wewe umeandika hivyo hivyo, ndipo nikalia.

Dada yako,
Awino