Majina Yaliyo Mlangoni

Machakos, 4 Machi 2007

Mdogo wangu Fathia,

Assalaam aleikum. Huku mvua imenyesha, alhamdulillahi, na duka langu la vitambaa linatulisha mimi na kaka yetu Liban. Ila kila alfajiri Liban husimama mlangoni na kusema, "Nipo!" Jirani yangu Mbinya humcheka: "Haki Haweya, huyu kaka yako anamjibu nani, jogoo?"

Mimi sicheki. Naikumbuka ile karatasi ya majina yetu manne, mama, wewe, Liban na mimi, waliyoibandika wanajeshi wa kigeni mlangoni kwetu Kismayu. Kila alfajiri wanaisoma, na akikosekana mtu mmoja, nyumba inabomolewa. Tangu mimi na Liban tutoroke, nimekuwa nikimwomba Mungu: mama na Fathia watajibu nini?

Sasa barua yako inasema nisiwe na wasiwasi, majina yote manne yanaitikiwa. Nilidhani mmeazima majirani watuitikie. Lakini umeandika pia kwamba mtaa mzima umehama, mmebaki wawili tu. Unasema sauti ya Liban, na yangu pia, hutoka chumba cha nyuma, na mama ameanza kumwekea Liban kikombe cha chai.

Fathia, kikombe hicho anakinywa nani?

Usikifungue chumba hicho. Soma Ayatul Kursi, mshike mama mkono, mje na lori la mbuzi Ijumaa. Na mkiwa mnaondoka, ukisikia nikikuita kutoka ndani ya nyumba, usigeuke.

Ni mimi dadako Haweya, niliye Machakos.