Harusi ya Dirishani

Ngokolo, Shinyanga
21 Mei 1978

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kushoto limetulia sasa mvua zimekatika. Nyuki nao wamerudi mizingani? Sisi wawili huku hatujambo. Ah, Shangazi, jinsi ninavyopenda kuandika maneno haya, sisi wawili! Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu tufunge ndoa, na bado kila nikiamka namtazama Ansgar nikidhani nimeingia nyumba ya watu.

Shangazi, mume wangu ana kila sifa. Anachota maji mchana kweupe bila kujali majirani wanaomcheka. Anamenya viazi huku anaimba, na viazi vinaisha kabla ya wimbo maana anavimenya mpaka vinakuwa kama karanga. Juzi ameandika jina langu kwa rangi nyekundu kwenye ndoo, kwenye mtungi na kwenye mlango wa choo. Nilimwambia la choo alifute. Akasema herufi zimemtoka vizuri, itakuwa hasara.

Lakini sikukuandikia nijisifie. Yaliyotokea wakati wa Kwaresima unayajua kwa upande wako, nawe yamekuumiza. Upande wa ndani huujui, na leo nataka uujue wote.

Kama unavyokumbuka, baada ya kumaliza kidato cha nne niliingia darasa la ufundi hapa mjini. Sisi wengine tulifundishwa kupiga picha na kuzisafisha, wengine kuchora mabango, wengine kuchapa kadi. Ansgar alikuwa wa mabango. Kwa miezi sita alinisindikiza kila jioni mpaka getini, na miezi yote hiyo alinieleza habari za brashi: brashi ya manyoya, brashi ya katani, namna ya kuiosha kwa mafuta ya taa. Nikifika ndani nalia. Nilikuwa nampenda mno, na yeye hasemi.

Basi Mwalimu Zakir, mwenye studio ya picha pale mjini, akatupa kazi ya mwisho: tupige picha za harusi, tuzisafishe wenyewe, waliosomea uchapaji wachape kadi, na kila kitu kiwe tayari kabla ya Pasaka. Mwalimu ni Mwislamu, hakujua kwamba Wakatoliki hatufungi ndoa wakati wa Kwaresima. Tulipomweleza alishika kichwa. Kisha akasema kama harusi hakuna, tuitengeneze.

Tukaitengeneza. Mkewe, Mama Khatija, akaazima pazia lake la lesi liwe shela langu. Keki ya ghorofa tatu ilikuwa maboksi ya sabuni yaliyopakwa chokaa. Altare aliichora Ansgar kwenye turubai, na mishumaa ikapendeza hata ukataka kuipuliza. Mabula, ambaye hajawahi kukanyaga kanisa lolote, alivishwa shuka akawa padri, akatushika vichwa mimi na bwana harusi kama anayechagua matikiti sokoni. Bwana harusi alikuwa Ansgar, kwa sababu suti ya Mwalimu haikumwenea mwingine. Nami, Shangazi, nilisimama pale nikiitikia viapo kama harusi ni ya kweli.

Picha zikawekwa kwenye dirisha la studio, na chini ya kila moja tukaweka kadi ndogo iliyochapwa: "Harusi ya mfano. Kazi ya wanafunzi." Mwalimu alisisitiza kadi zisikosekane, asije akapata lawama za watu.

Yaliyofuata unayajua. Alhamisi ile ulikuja kuuza asali, ukapita dirishani, ukaniona nimeolewa katikati ya Kwaresima bila mzazi hata mmoja kujua. Hukuingia hata kuuliza. Ulipanda basi, na Jumapili baada ya misa huko nyumbani, Ushirombo nzima ilikuwa na habari.

Jumanne Baba na Baba Mdogo wakaingia darasani kwetu na fimbo. Baba aliuliza yuko wapi huyo mwizi wa binti. Darasa zima likamtazama Ansgar, hata wale waliokuwa wamempa mgongo. Mwalimu Zakir akawakalisha wazee, akawaonyesha pazia, akawaonyesha altare ya turubai, akamwita padri, naye Mabula akaja na rangi ya kijani mpaka kwenye viwiko, akawasalimia kwa Kisukuma. Wakati huohuo Baba Mdogo, aliyekuwa na njaa ya safari, alikuwa amekwisha kumega ghorofa ya chini ya keki. Alitafuna. Alitafuna tena. Kisha akauliza kwa heshima kama keki za mjini huwa hivi zote.

Hapo Baba alicheka mpaka akavua kofia. Kisha Mwalimu akampeleka dirishani, akamwonyesha na kadi. Baba akaisoma mara mbili, na kicheko kikaisha. Alisema, "Serafina anajua kusoma. Kadi hii ameiona, akaamua kunivunjia heshima."

Baba alipogeuka kuondoka, Ansgar akatoka mbio na brashi mkononi, rangi ikidondokea kiatu cha Baba, akasema, "Mzee, naomba ile ya kweli." Maneno matano tu, Shangazi! Baada ya miezi sita ya brashi!

Nilipata furaha yangu, nawe ukapata aibu yako. Uliapa mbele ya ukoo kwamba dirishani hapakuwa na kadi, wakakuita mzushi. Siku ya harusi yetu kiti cha shangazi, ambacho ni chako tangu nilipozaliwa, alikikalia mke wa katekista, na ndiye aliyenishika mkono kunikabidhi. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilitazama mlangoni mpaka misa ikaisha.

Sasa nasema. Uliapa kweli, Shangazi. Kadi hazikuwepo. Niliziondoa mimi.

Nilijua unakuja Alhamisi, maana ulituma salamu kwa kondakta. Nilijua unapita dirisha lile, na nilijua, unisamehe, kwamba habari mkononi mwako haifiki Jumatatu. Nilidhani Baba akisikia atamwita Ansgar amuulize, naye atalazimika kufumbua mdomo. Asubuhi ile nilizichomoa kadi zote, nikaisimamisha mbele picha moja, na Ijumaa nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Sikufikiri hata kidogo kwamba wewe ndiwe utakayelipia. Baba alipoisoma pale dirishani nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kusema. Niliogopa Ansgar angesikia, akaona ametegwa kama kanga, akaondoka. Kwa hiyo nilinyamaza, na nimenyamaza mpaka leo.

Jana nilishindwa kula. Nikamwambia Ansgar yote. Aliweka kisu na kiazi chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu nguo zangu. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: picha niliyoisimamisha mbele dirishani ilikuwa ipi? Nikamjibu kwamba ni ile ambayo Mwalimu aliikataa, kwa sababu bwana harusi hakutazama kamera, alinitazama mimi. Ansgar akakaa. Akasema picha ile haikustahili kadi ya harusi ya mfano tangu mwanzo, na kwamba niandike barua hii leo hii, nisingoje kesho.

Kwa hiyo nakuomba, mpe mwanao Clemens barua hii aisome kwa sauti mbele ya Baba na ukoo. Asiruke mahali, hata pale pa Baba Mdogo na keki. Baba akikasirika, anikasirikie mimi. Na wewe ukikubali kunisamehe, njoo. Mume wangu hajakabidhiwa mke na mtu anayestahili, na kiti kipo.

Nisalimie Mama, Philomena, na wote wanaoniulizia. Ansgar anakuamkia kwa unyenyekevu, na anauliza asali inapakiwa kwenye chombo gani, apate kukiandika jina lako.

Ni mimi, mwanao mwenye furaha na mwenye kosa,

Salvina