Viti vya Umoja wa Mtaa

Mpwa wangu,

Huku wazima, na goti langu bado linatabiri mvua kuliko redio.

Tumebadilisha katiba ya umoja wa mtaa. Niliposimama mimi, hata jenereta lilinyamaza! Nikasema vifungu vyote vibadilishwe, kibaki kimoja: mpangaji asiazimwe viti vya msiba. Mwenyekiti akapiga makofi. Ndicho alichotumia kutunyima viti siku tunamzika mama yako, kisa alikuwa mpangaji, waombolezaji wakasimama juani mpaka jioni.

Basi mwenyekiti mwenyewe kauza nyumba, sasa kapanga. Juzi kafiwa na mama yake, akaja kwangu mimi mtunza stoo.

"Kaka, viti."

Nikampa kimoja.

"Kalia wewe, ndugu yangu, uwaangalie vizuri waliosimama."

Mjomba wako,
mwenye funguo.