Nilimkalisha Mke Wangu Kwenye Baridi ya Dubrovnik, Sasa Yuko Bwejuu

Mpendwa Bi Thuwaiba, shikamoo. Nnaomba uniokoe, na jina langu usilitaje, maana mimi ni mtu ninayejulikana, ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, yule mwenye kofia nyekundu, chochoro zote nazijua hata umeme ukikatika, shule niliacha kidato cha pili lakini Kitaliano nnaongea, na Michenzani nzima hakuna mwengine aliyefika Dubrovnik, kule Kroatia, Ulaya.

Hiyo Dubrovnik ndiyo balaa langu. Wazee wawili wa huko, mume na mke, niliowatembeza walinipenda, wakanialika mimi na mke wangu Fathiya, tiketi juu yao, ila mwezi wa kwanza, wakasema msimu umelala, mji mtupu, nami nikasema safi, maana hayo hayo ndiyo ninayowaambia Wazungu wanaokuja kwetu masika. Wakatushusha kwenye lango la upande wa bandari, mji wenyewe wa kale umezungushiwa ukuta mnene wa mawe, wakatupa ramani, nikairudisha. "Mama, mimi mtoto wa Mji Mkongwe," nikamwambia, "hizi ni chochoro tu."

Basi kila mlango umefungwa, Fathiya njaa inamuuma, nikamwambia wamekwenda kusali na kula, alasiri watafungua kama maduka ya kwetu. Kwenye mlango wa mkahawa mmoja pana karatasi, nikasimama mbele yake nikaisoma, Bi Thuwaiba, lugha ambayo sijui hata salamu yake. "Wanasema saa kumi." Tukakaa kwenye ngazi za mawe kama tuko barazani, upepo unakata masikio, Fathiya kavaa baibui juu ya masweta mawili, meno yanagongana. Saa kumi ikafika, ikapita. Akatokea bibi mmoja na paka wake, Fathiya akamuuliza kwa Kiingereza, akarudi ananitazama.

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne nini?"

"Watafungua mwezi wa nne, bwana we! Tusubiri?"

Nikasema twende, njia naijua. Tukapita kisima kile kile mara nne, hata paka akatuzoea. Mwisho Fathiya, mtoto wa pwani, akasimama, akageuza uso kutafuta upepo unatokea wapi, akasema bahari iko huku. Tukatoka.

Ningenyamaza ingekwisha. Lakini niliporudi maskani, pale barazani tunapokaa jioni, nikawaambia wenzangu Fathiya ndiye aliyepotea, kakaa anamlilia mama yake, mimi nikamtafuta chochoro kwa chochoro. Mmoja wao, Jaku, akamhadithia mkewe Mayasa, Mayasa akamwambia Fathiya, "Pole shoga, nasikia ulilia?" Siku hiyo hiyo kafunga mzigo, kenda kwao Bwejuu. Anasema harudi mpaka nikae barazani pale pale, mbele ya watu wale wale, niseme ilivyokuwa. Nikisema, nani atanipa mgeni tena? Na mke nampenda, wiki ya tatu hii nnakula chipsi. Nifanyeje?

Mwenye Kofia, Michenzani

BI THUWAIBA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa chipsi.

Kupotea mji wa watu si aibu. Njaa na baridi Fathiya alishakusamehe, ndiyo maana alirudi na wewe ndege moja na akaendelea kukupikia. Kilichomtoa nyumbani ni kumtwika upotevu wako. Yeye ndiye aliyekutoa mle ndani, wewe ukaja kumfanya kichekesho cha maskani. Huna haya hata kidogo!

Usitume mtu, wala usitume ujumbe wa simu. Nenda barazani leo hii, Jaku awepo, useme yote, na karatasi, na paka. Usiongeze chumvi, na usijitetee kuwa ulikuwa unatania. Ukimaliza, shika njia ya Bwejuu, umwamkie mama mkwe, umwombe radhi mkeo mbele yake. Fathiya akikutembeza popote, nyamaza umfuate. Wageni usiwahofie, hawakai maskani yenu.

Halafu jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini kofia nyekundu, Michenzani, Dubrovnik, Jaku na mkewe umeviandika kwa mkono wako, nami sikuona sababu ya kuvikata. Gazeti hili linafika kwenu asubuhi. Kimbia barazani, mwanangu, kabla Jaku hajamaliza kuwasomea.