Noki za Tarehe Ishirini na Tisa

Colonia Los Álamos,
Jimbo la Neuquén,
Argentina.

30 Aprili 2023

Mpendwa mdogo wangu Ofelia,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku kwenye upepo. Hujambo lakini? Goti lako je? Na huko Vigo mvua imepungua, au bado unaanika nguo jikoni? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila bega la kulia linanivuta tangu jana, na sababu yake utaijua hapa chini. Huku miti ya kukinga upepo imegeuka manjano, matufaa yamekwisha kuvunwa, na nimekuwekea jamu ambayo sijui nani atakuletea.

Najua habari kubwa imekufikia kwenye simu. Ndiyo, Chama kimeanguka. Chama hiki hiki kilichoshika jimbo letu tangu kabla wewe hujazaliwa, mimi nilidhani milima itahama kwanza. Kuna waliolia, kuna waliopiga honi mpaka betri za magari zikafa, na Zulema jirani yangu alifanya yote mawili.

Sasa nikupe la kujivunia, maana nikilinyamazia nitapasuka. Romina wangu ni mbunge wa jimbo! Romina yule yule uliyemwogesha kwenye beseni la bluu akakung'ata kidole. Alisimama upande wa hao wapya, na hapa kwetu amewazoa wote. Watu wanasema ni kwa sababu ni nesi, hakuna nyumba ambayo hajaichoma sindano. Hayo ni yao. Mimi nasema ni ile sauti, na sauti ile hakuiokota barabarani. Ameirithi kwangu, maana baba yake, marehemu Anselmo, alikuwa anaongea kama mtu anayeomba chumvi.

Lakini, Ofelia, kuna jambo sikukuandikia. Unakumbuka kila tarehe ishirini na tisa tawi zima la Chama lilikuja kula noki kwangu. Anselmo aliianza desturi hiyo alipokuwa kiongozi wa tawi, na alipofariki sikuiacha. Viazi vinapondwa, vinakandwa na unga, vinakatwa vidonge, vinatumbukia majini. Na kutoka hapa hadi mpaka wa Chile hakuna anayevitoa vyepesi kama mimi, hata mapadri wanajua.

Basi, ile ya Desemba, mezani pangu, Romina akamuuliza Don Tránsito, mzee aliyerithi tawi kwa Anselmo, kwa nini zahanati haina hata bandeji. Mzee akacheka, akapangusa masharubu. "Binti, noki za Chama umezila tangu hujaota meno. Leo ndiyo zimekukwama?" Romina akaweka uma chini. "Basi hizi ndizo za mwisho, mzee." Akanibusu shavuni mimi mama yake, akachukua koti, akaenda. Tangu siku hiyo hakula tena kwangu. Kunipigia simu alinipigia, dawa ya shinikizo la damu aliniletea, lakini alinipa mlangoni kama posta.

Siku ya kura mimi nilikaa shuleni kama miaka yote, wakala wa Chama, utepe kifuani, thermosi ya chai yetu ya mate pembeni. Utashangaa. Ningefanyaje? Utepe ule alinivisha Anselmo mara ya kwanza kwa mikono yake, na Don Tránsito alikuja kunichukua kwa gari kabla sijamaliza kuchana nywele.

Vituo vikafungwa, tukaanza kuhesabu. Mwenyekiti wa meza yetu alikuwa mwalimu Ismael, yule mwenye kigugumizi. Mwanzoni kwa kila kura alitaja orodha ya wagombea kwa jina lake lote, refu kama treni. Akachoka. Akawa anasema tu, "Ya Romina." Anachukua nyingine, "Ya Romina." Nyingine tena, "Ya Romina." Mdogo wangu, kigugumizi chote kilimtoka! Mimi natia alama kwenye karatasi yangu ya Chama, natia alama. Ilipofika mahali jina la mwanangu limetajwa mfululizo kama rozari, mikono yangu ikapiga makofi. Sikuituma. Ilipiga yenyewe, na kwa nguvu, unajua mikono yangu.

Mwalimu Ismael akavua miwani. "Mama Nélida, samahani, wewe ni wakala wa nani?"

Don Tránsito alikuwa amesimama mlangoni. "Ameshajibu, mwalimu," akasema. "Endelea."

Nyumbani nilirudi kwa miguu.

Kesho yake nikavaa lile gauni la kijani, nikaoka keki, nikaenda uwanjani walikosherehekea wale wapya ili nimbusu mwanangu. Alikuwa juu ya lori, mbali, amezungukwa, anang'aa kama sahani mpya. Nikampungia, hakuniona. Bibi mmoja wa upande wao akanitazama, akatazama keki. "Mama Nélida, umepotea njia? Msiba wenu uko ule mtaa wa pili." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ilichekesha. Keki nikarudi nayo.

Sasa jana ikawa tarehe ishirini na tisa. Hakuna aliyeniambia hatakuja, ndiyo maana nikapika. Niliponda viazi gunia zima, hilo ndilo bega. Nikaunganisha zile meza tatu, nikatandika kitambaa cha harusi, nikaweka noti chini ya kila sahani kama ilivyo desturi, kila mtu apate riziki mwezi unaokuja. Nikakaa dirishani. Zulema akapita na mkate kwapani. Akamsalimu mbwa wangu. Mbwa, Ofelia! "Hujambo, Negro," halafu akavuka barabara.

Maji yalichemka, nikayaongeza, yakachemka tena. Nikawasha redio nyumba isikike ina watu.

Jua lilikuwa limeshaegemea nilipomsikia Romina akifuta viatu mlangoni. Alikuja na vile viatu vyake vyeupe vya kazi, mbunge mzima. Akaingia, akaona meza ile ndefu na sahani zote safi. Akaitazama mwanzo hadi mwisho.

"Watu wako wako wapi, mama?"

"Wana shughuli."

"Wote?"

"Wote. Nawa mikono."

Akanawa. Nikatumbukiza noki, zilipoelea nikampakulia. Akala, na mimi nikamwongezea kabla hajaomba. Sahani ya pili ndipo akaniuliza bila kuinua macho, "Wanasema ulipiga makofi."

"Nilikuwa nafukuza nzi."

"Aprili, mama? Na baridi hii?"

"Nzi wa shuleni hawajui kalenda."

Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni kama alipokuwa mtoto, na kicheko kikageuka kilio, akaegemeza kichwa tumboni kwangu na vumbi la unga likamjaa kwenye nywele. Tulikaa hivyo. Redio ilikuwa inataja bei za mbuzi.

Akala sahani ya tatu, usimwambie mtu. Lakini anahamia mji mkuu wa jimbo. Mikutano imeshaanza, chumba ameshapata. Akavaa koti, akaitazama tena ile meza, akashika uso wangu kwa mikono miwili. "Mwezi ujao pika kidogo, mama. Nitajitahidi kuja, lakini siahidi."

Nikamwambia sawa. Nikampa na keki.

Leo asubuhi nimekusanya noti chini ya sahani, nimerudisha meza mahali pake, na nimekaa kukuandikia, maana kuna jambo la kukuuliza wewe tu. Ofelia, mimi kupika kidogo sijui. Nilitoka kwa mama tukiwa tisa mezani, nikaingia kwa Anselmo na tawi lake. Mkono wangu ukiingia gunia la viazi unatoka na vya watu thelathini. Wewe tangu Manuel afariki unajipikia mwenyewe. Unaanzaje? Unachukua viazi vingapi? Na ukishakaa, unatazama upande gani?

Nisalimie mwanao Iago na mkewe, na yule mjukuu mwenye masikio ya baba yetu. Waambie dada yao Romina ni mbunge, nawe uisimulie habari hiyo kanisani, kwa sauti. Mama Mtakatifu akufunike kwa joho lake, akuponye goti, na akupe miaka ya kuja kuuona upepo huu tena.

Usichelewe kunijibu lile la viazi. Mei ina ishirini na tisa yake.

Ni mimi dada yako, anayekupenda kwa mkono usiojua kupima,

Nélida