Dada Candiru, Karanga Hukuziozesha Wewe

Dada Candiru,

Wanakusema vibaya, na wewe huwezi kujibu. Bosi wetu wa ghala la Koboko, aliyelia kwenye mazishi yako kuliko hata ndugu zako, sasa anawaambia akina mama wakulima wa Aroi kwamba programu yako ya kupima unyevu wa magunia ndiyo iliyoozesha karanga zao. Mzigo wa lori zima umerudishwa kutoka mpakani ukiwa na ukungu. Hakuna tena anayetaka karanga za Aroi. Mama yako ameacha kwenda kanisani, maana majirani wanampita bila salamu. Nilipomtembelea aliniuliza jambo moja tu: "Mtoto yangu naharibu chakula ya watu kweli?"

Si wewe! Nimeifungua programu nikaangalia. Wewe uliiandika kwa JavaScript, wazi kabisa: gunia kavu ni true, yaani kweli, lipakiwe; lenye unyevu ni false, yaani si kweli, lirudi kwenye turubai likaanikwe. Ukiwa umeshazikwa, mpwa wa bosi akataka kubandika jina la mpimaji juu ya kila jibu. True au false peke yake haibandikiki jina, kwa hiyo akaligeuza jibu kuwa objekti, kama kasha la kubebea data. False yako ikafungiwa ndani. Programu inapouliza kama gunia lipakiwe, objekti yoyote ile huhesabiwa kuwa kweli. Magunia yote yakapita, makavu na mabichi.

Ulinionya siku ile Arua, tukila muhogo dukani kwako, ukinigonga bega: "Usifunge hapana ndani ya objekti. Kompyuta iko naona objekti tu, ya ndani hapana angalia." Nikacheka, nikidhani unanitisha.

Nilimpelekea bosi ushahidi. Hata hakuukataa. Alisema, "Wacha tu. Candiru iko kwa kaburi, yeye hana kazi ya kupoteza." Nilitamani kumtemea mate, Dada. Nikachukua kompyuta yangu nikatoka.

Jumapili baada ya ibada nitapeleka kompyuta Aroi, niwaite wale akina mama wote. Nitaingiza vipimo vya gunia bichi kwenye programu yako ya awali, kisha kwenye ile aliyoibadilisha mpwa wa bosi, waone ipi inalizuia. Jumatatu huenda nikafukuzwa, na iwe hivyo. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Dada. Nimekukasirikia kwa kufa, na nimewakasirikia wao zaidi. Mama yako amekubali kuja. Kitufe cha kupima nitamwachia abonyeze yeye mwenyewe.